Mbwa Akigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wenye mbwa huyarudia kila mara, wakiwa kwa daktari wa mifugo, wakiongea na jirani getini, au kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi yanamhusu mbwa tunayemjua zaidi mijini kwetu: mbwa wa uani, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku alinde. Unaweza kusoma swali moja tu linalokuhusu, lakini kama hujawahi kumtazama mbwa wako kwa makini anapokataa jambo, anza na sehemu ya kwanza.

## Kumsoma mbwa

Nitajuaje kwamba mbwa hataki, kabla hajafika kunguruma?

Mbwa huanza kukataa mapema kuliko tunavyodhani. Dalili za kwanza ni ndogo: anageuza uso pembeni, analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, ananusa chini ghafla, au anainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Ukizipuuza, mwili unaanza kusema kwa nguvu zaidi. Masikio yanalala nyuma, mkia unafyatwa, uzito unahamia miguu ya nyuma, na weupe wa jicho unatokeza pembeni kwa sababu kichwa kimegeuka lakini macho bado yanakuangalia.

Kisha anaganda. Mdomo umefungwa, mwili umekaza, hata kuhema kumepungua. Hapa ndipo wengi hukosea wakasema "ametulia". Mbwa aliyetulia amelegea, huyu amekaza. Baada ya kuganda huja kunguruma, kuonyesha meno, kung'ata hewa, na mwisho kung'ata kweli.

Dalili moja peke yake haitoshi, maana mbwa hupiga miayo ya usingizi pia. Tazama zinavyokuja pamoja, halafu jiulize nini kimetokea sekunde chache kabla. Mara nyingi jibu liko hapo: mkono ulionyooshwa juu ya kichwa chake, mnyororo ulioshikwa, mtoto aliyemkaribia akiwa anakula.

Anatingisha mkia huku anarudi nyuma. Anataka au hataki?

Hataki, au bado hajaamua. Mkia unaotingishika unaonyesha kwamba mbwa amesisimka, na msisimko unaweza kuwa wa furaha au wa wasiwasi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa anayemwona mwenye wake huelekeza mkia zaidi upande wake wa kulia, na akikutana na mbwa mgeni mwenye ubabe mkia huelekea zaidi kushoto. Kwa macho ya kawaida si rahisi kuona tofauti hiyo, kwa hiyo angalia miguu. Miguu ikirudi nyuma, iamini miguu.

Huu si ukaidi tu? Anajua vizuri ninachotaka.

Kabla ya kusema ni mkaidi, pitia mambo manne kwa mpangilio huu. Je, ana maumivu? Je, anaogopa? Je, ameelewa kweli, au alielewa jikoni tu na sasa mko barabarani penye kelele? Je, unachomwita kufanya kina faida yoyote kwake? Ukimaliza hayo manne, ukaidi huwa haujabakiwa na nafasi kubwa.

Watu wengi pia huambiwa kwamba mbwa anayegoma anataka kuwa bosi wa nyumba, hivyo lazima "avunjwe". Wazo hilo lilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa na undugu, waliochunguzwa na Rudolph Schenkel na kuandikwa mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyelisambaza sana wazo hilo, alilirekebisha mwenyewe mwaka 1999: porini kundi la mbwamwitu kwa kawaida ni familia, baba na mama na watoto wao, wala hawaishi kwa kupigania ukubwa. Mbwa wako anayekataa kuingia bandani hapiganii cheo.

Nikikuta ameharibu kitu anajikunja na kukwepa macho. Si ina maana anajua kosa lake?

Anajua kwamba umekasirika. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa New York, alifanya jaribio na mbwa 14 ambapo wenye mbwa wakati mwingine walidanganywa kuhusu kama mbwa alikula kitu alichokatazwa. Sura ile ya "nisamehe" ilijitokeza pale mwenye mbwa alipogomba, mbwa awe amekosa au hajakosa. Waliogombezwa bila kosa ndio walioionyesha zaidi.

Maana yake kwako ni hii: ukimgombeza saa mbili baada ya kiatu kutafunwa, anachojifunza ni kwamba ukirudi nyumbani kuna hatari. Wiki mbili baadaye utajiuliza kwa nini hataki kuja ukimwita.

## Kugoma kwa kila siku

Asubuhi hataki kurudi bandani. Tunamfukuza uwanja mzima. Nifanyeje?

Hili huenda ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na karibu kila nyumba hulijibu kwa fagio au kwa jiwe. Anza kwa kulichunguza banda lenyewe, tena saa sita mchana, si asubuhi kukiwa na ubaridi. Weka kiganja juu ya bati. Piga magoti, ingiza kichwa ndani, kaa hapo dakika moja. Banda la mabati lisilo na kivuli Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ni mahali pa mateso, na mbwa hana jasho la mwili mzima kama sisi: hupoza mwili hasa kwa kuhema. Ndani ya banda lenye joto lisilo na upepo, kuhema hakumsaidii sana.

Angalia sakafu. Saruji iliyolowa mkojo huunguza ngozi ya tumbo. Angalia nyufa za mbao kwa tochi, maana kupe hujificha humo na kupanda ukutani. Unaweza kumwogesha mbwa kila wiki na bado akarudi kuliwa kila mchana. Angalia kama siafu wamepita hapo. Mbwa aliyewahi kuvamiwa na siafu akiwa amefungiwa, hana pa kukimbilia, ana sababu nzuri kabisa ya kugoma, na ataikumbuka.

Ukisharekebisha hayo, kwa paa lenye kivuli, sakafu iliyoinuliwa, maji yasiyomwagika na ukubwa wa kumwezesha kusimama na kujigeuza, ndipo ushughulikie hesabu ya mbwa. Kwake, asubuhi anaitwa mara moja tu, na akija anafungiwa. Vunja hesabu hiyo. Mpe chakula cha asubuhi ndani ya banda mlango ukiwa wazi, ale, atoke. Nyakati nyingine za siku tupa kipande cha maini ya kuchemsha au dagaa wachache ndani, aingie, atoke tena bila kufungiwa. Baada ya siku kadhaa funga mlango anapokula, fungua kabla hajaanza kulia. Ongeza muda polepole. Usimvute kwa kola, na mwambie kila anayeishi hapo asimvute pia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lazima lisemwe. Mbwa anayefungwa tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku, kila siku, bila mtu wa kumsemesha, atagoma hata kama banda ni zuri. Mbwa ni mnyama wa kuishi na wenzake. Kumtoa nusu saa mchana atembee au akae karibu na watu hubadilisha mengi, na hakumwondolei ukali wa usiku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, zote zinamkataza mwenye mnyama kumweka katika hali ya kumtesa bila sababu.

Nikimwita "njoo" anakimbilia upande wa pili.

Orodhesha mambo yaliyomtokea mara za mwisho alipokuja ulipomwita. Kama ni kufungwa, kuogeshwa, kuchomwa sindano na kugombezwa, neno "njoo" limeshaharibika. Chagua neno jipya, au mluzi. Litumie kwa wiki nzima kwa mambo mazuri tu: aje, apewe kitu, aachiwe aende zake. Unapohitaji kumfunga, mfuate wewe mwenyewe kwa utulivu badala ya kumwita. Na akija baada ya kukuzungusha robo saa, usimpige. Utakuwa unamwadhibu kwa kuja.

Anaketi katikati ya njia na hataki kutembea.

Kagua miguu kwanza. Mwiba, kucha iliyopasuka, kupe kati ya vidole, na katika maeneo yenye funza, funza kwenye nyayo. Kisha gusa lami kwa mgongo wa kiganja. Usipoweza kuvumilia sekunde saba, na yeye nyayo zake zinaungua. Tembeeni alfajiri au jua likishazama.

Kama miguu ni mizima na njia ni ya baridi, fuata anakotazama. Mara nyingi kuna kitu mbele: geti la mbwa mkali, pikipiki inayowashwa, mahali alipowahi kupigwa mawe. Simama umbali ambao bado anaweza kukubali kipande cha chakula. Mbwa anayekataa hata maini ameogopa kupita kiasi cha kujifunza. Rudi nyuma hatua kumi au ishirini, ujaribu tena hapo. Mtoto wa mbwa ambaye hajazoea kamba ana tatizo tofauti: avae kola ndani ya uwanja siku chache, kisha aburute kamba nyepesi ukiwa unamwona, ndipo uishike.

Akiona ndoo ya dawa ya kupe anatoweka.

Dawa hizo zina harufu kali kwa pua ya mtu, sembuse ya mbwa, na zinawasha penye vidonda. Makosa matatu hujirudia: dawa ya ng'ombe kuchanganywa kwa kukadiria, maji ya baridi kumwagwa kichwani kwa ghafla, na watu watatu kumkandamiza. Dawa yenye amitrazi ikizidi humlegeza mbwa na kumletea usingizi mzito. Ukiona hivyo mpeleke kwa daktari. Soma kipimo cha mbwa kwenye lebo, na kama lebo haimtaji mbwa, usiitumie.

Tumia maji ya uvuguvugu, anzia miguuni kupanda juu, kichwa kiwe cha mwisho na kwa kitambaa. Mtandikie gunia chini asiteleze. Kuteleza peke yake humtia hofu. Akiendelea kugoma kabisa, muulize daktari kuhusu vidonge au dawa ya matone ya shingoni. Zina bei, lakini huondoa vita vya kila wiki.

Hataki kupanda gari.

Kama safari zake zote huishia kwenye sindano, amefikia uamuzi wa busara. Mlishe karibu na gari lililozimwa, kisha ndani, kisha injini ikiwa inanguruma, kisha mzunguke mtaa na kurudi. Mbwa anayedondosha mate na kutapika safarini ana kichefuchefu, na hilo lina dawa kwa daktari. Mbwa mzee aliyekuwa akiruka na sasa anasita, tazama swali la kugoma ghafla.

## Kunguruma, watoto na watu wa nyumbani

Alimngurumia mtoto, nikampiga, akaacha. Si nimefanya sawa?

Alichoacha ni kunguruma. Kilichomfanya angurume bado kipo palepale: mtoto anapomkumbatia shingoni bado anaogopa, sasa pia anaogopa kusema. Mbwa wanaosemwa "aling'ata bila onyo" mara nyingi walionya kwa muda mrefu, wakachapwa kwa kuonya.

Akinguruma, mtoe mtoto kwa utulivu, bila kelele. Hapo hapo umemfundisha mbwa kwamba onyo lake limesikika. Kisha tafuta chanzo: alikuwa anakula? Amelala? Ana maumivu sikioni? Kuanzia siku hiyo mbwa ale mahali ambapo watoto hawafiki, awe na pembe yake isiyoingiliwa, na mtoto mdogo asiachwe na mbwa bila mtu mzima, hata mbwa mpole kiasi gani. Mfundishe mtoto kumwita mbwa badala ya kumfuata. Mbwa akija, ampapase kifuani au begani. Akiondoka, aachwe aondoke.

Mimi namfundisha kwa upole, lakini mlinzi anampiga teke na dada wa kazi anamrushia maji. Kuna faida?

Ipo, ila ni ndogo kuliko ingekuwa. Mbwa hujifunza kwa kila mtu peke yake, ndiyo maana anaweza kukutii wewe na kumkimbia mlinzi. Usianze kwa kulaumu. Mara nyingi anayempiga ndiye aliyeachiwa kazi ngumu, kumfungia asubuhi, bila kuonyeshwa namna nyingine, na huenda naye anamwogopa mbwa. Mwonyeshe mlinzi dalili za swali la kwanza. Mpe yeye ndiye amlishe. Mbwa anayelishwa na mlinzi humfuata mlinzi.

Nikimsikiliza kila anapogoma, atalinda kweli?

Atalinda vizuri zaidi. Mbwa mwenye hofu hubwekea majani, upepo, na mgeni wako aliyekaa sebuleni saa nzima. Baada ya muda hakuna anayeamka kuangalia. Mbwa anayejiamini huchagua. Kumpunguzia mbwa hofu ya banda, ya kamba na ya watu wa nyumbani hakumfanyi ampende mwizi.

## Kwa daktari

Nyumbani ni mpole, kwa daktari anakuwa mbwa mwingine.

Zahanati ina harufu ya dawa na ya mbwa wengine walioogopa, meza inateleza, mtu mgeni anamshika. Mpeleke mara moja moja bila matibabu: apimwe uzito, apewe kitu kitamu, arudi nyumbani. Mwambie daktari mapema kwamba anaogopa, akupangie saa isiyo na foleni, umsubirishe nje. Madaktari wengi hukubali kumchoma akiwa amesimama sakafuni ikiwa utaomba.

Nyumbani zoeza mguso, kidogo kidogo: inua mdomo uangalie meno, shika kila mguu, tazama ndani ya sikio, kila mguso ufuatwe na tuzo. Akigeuza uso, simama hapo. Akirudisha uso mwenyewe, endelea. Mbwa akishagundua kwamba anaweza kukusimamisha kwa kugeuza uso tu, hana haja ya kutumia meno.

Je, kumvalisha kizibo cha mdomo ni ukatili?

Si ukatili ikiwa ni cha kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa, na amekizoea. Paka chakula laini ndani, aingize mdomo mwenyewe, utoe. Rudia siku nyingi kabla ya kufunga mkanda. Kumfunga mdomo kwa kamba au kitambaa ni kwa dakika chache za dharura tu, kamwe si juani, kwa sababu hawezi kuhema.

## Hali za pekee

Amegoma ghafla jambo alilokuwa analipenda.

Hapo fikiria ugonjwa kwanza. Mbwa aliyekuwa wa kwanza getini na leo hanyanyuki anaweza kuwa na homa ya kupe: angalia ufizi kama umepauka, mkojo kama umekuwa mweusi, na joto. La kawaida ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo mbwa mzima huhisi wa moto kwa mkono wa mtu, tumia kipimajoto. German Shepherd anayesita kupanda ngazi au kuruka garini anaweza kuwa na tatizo la nyonga, linalojulikana sana katika aina hiyo. Anayegoma kutafuna upande mmoja huenda anaumwa jino. Anayekwepa kuguswa kichwa huenda anaumwa sikio.

Usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hasa akiwa pia amegoma kula.

Usiku wa mwaka mpya au Diwali hataki kutoka chini ya kitanda.

Mwache. Mbwa husikia sauti za hadi mizunguko 45,000 hivi kwa sekunde, wakati sisi huishia kama 20,000, na fataki kwake hazina maelezo. Kumvuta nje "azoee" huongeza hofu. Mwingize ndani kabla ya saa sita usiku, funga madirisha, washa redio, hakikisha geti limefungwa, kwa sababu mbwa wengi hupotea usiku huo. Kumbembeleza hakumzidishii hofu, kaa naye.

Hataki kunywa, mate yanamtoka, kama amekwamwa na kitu kooni.

Usiingize mkono mdomoni. Inaweza kuwa mfupa, lakini hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyoweza kuonekana: taya limelegea, kumeza kumeshindikana, tabia imebadilika, mkali amekuwa mpole au mpole amekuwa mkali. Mtu anaweza kuambukizwa akijaribu kusaidia. Mfungie mahali salama bila kumgusa, waondoe watoto, piga simu kwa daktari wa mifugo wa serikali au wa karibu.

Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda au jichoni aoshe hapo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, na kidonda kioshwe kwa sabuni, dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kama daktari atakavyokupangia. Kwetu, kwa kawaida kila mwaka.

Mbwa wangu hagomi kitu chochote. Nina bahati?

Inategemea. Mwite jina umtazame: anakuja akiwa amelegea, anacheza, analeta fimbo, anakuomba chakula? Basi una mbwa mwenye raha. Lakini kuna mbwa asiyegoma kwa sababu amekata tamaa. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ya Marekani ambapo mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye walilala tu na kuzivumilia hata pale ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Ni majaribio ya kuumiza kuyasoma. Mbwa wa namna hiyo wapo kwenye nyua zetu: hajali, haombi, hatazami, unamwinua mguu unabaki ulipouacha. Watu humsifu kwa upole. Mbwa huyu anahitaji nafasi ya kuchagua, hata mambo madogo: alale wapi, apite njia ipi, aguswe au asiguswe. Siku atakapogeuza uso kukataa mkono wako, ondoa mkono, na uhesabu hiyo kuwa nafuu.

Ni lini nina haki ya kumlazimisha?

Pale ambapo kusubiri kutamdhuru: gari linakuja, nyoka yuko uani, jeraha linavuja damu, nyumba inaungua. Hapo usijadiliane naye. Mtupie shuka au blanketi zito kichwani na mwilini, mkumbatie kwa kumbana ubavu wako, mwinue kwa kupitisha mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya mapaja. Usimvute kwa mkia wala kwa mguu mmoja, na ukae mbali na mdomo, kwa sababu hata mbwa anayekupenda hung'ata akiwa na maumivu. Baadaye mwache apumzike, na siku zinazofuata rudia mguso ule ule, mahali pale pale, kwa dagaa na bila haraka.